Mgongo wa Bi Zuwena

...wala si kwamba mguu hausikii, unasikia, unasikia vizuri mno, ila umenuna, ndivyo Semeni alivyouona, mguu wa kulia umenuna kama mtoto aliyenyimwa andazi, unaambiwa nyanyuka nao unatazama pembeni, na pale chini Zebedayo amechuchumaa, kiganja chake kimelikinga goti lisikunjike, anasema, "Haya Bi Semeni, wa kulia sasa, taratibu, mimi nipo," na kweli yupo, Mbondei wa watu, mwili wa mpagazi na sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale, wiki ya sita hii kila asubuhi baada ya chai anamsimamisha katikati ya hivi vyuma viwili vilivyolala sambamba kimo cha kiuno, mkono wa kushoto unashika wenyewe, wa kulia umezungushiwa bandeji usiteleze, mkanda mpana kiunoni, kioo kirefu ukutani ili mtu ajione kama amesimama wima au amepinda, na jana walikwenda hatua kumi na moja, kumi na moja kwa hesabu ya Zebedayo mwenyewe, mpaka wazee waliokaa kwenye viti vya magurudumu wakapiga makofi, leo hata ya kwanza haijatoka, itatokaje, na Nasri amesimama mlangoni na begi. Begi lile la buluu lilikuja hapa limejaa kanga zake, leo limerudi tupu, linaning'inia mkononi mwa mwanawe kama samaki aliyekwisha kupasuliwa, na mtu mzima haji kumtazama mgonjwa na begi tupu ila ana lake jambo, alikwisha kumwamkia, "Shikamoo mama," naye Semeni akataka kuitikia marahaba na kilichotoka kinywani kikawa "kijiko," akalisikia mwenyewe, kijiko, na Nasri akainamisha macho kama aliyetajiwa kitu cha aibu mbele za watu... tangu kiharusi kile cha mwezi wa Rajabu ndiyo hali yake, maneno yote yamo kichwani, yamekunjwa na kupangwa kama nguo kabatini, ila akituma mkono ulete kanga unaleta shuka, akitaka maji anasema mlango, siku moja alitaka kumwita Nasri akalitaja jina la marehemu mumewe, na hapa hakuna anayecheka, au acheke Bi Fakhria peke yake, anayelala naye chumba kimoja, mjane wa mwenye maduka, watoto wote wako Maskati, yeye nyonga ilimvunjika bafuni, Bi Fakhria humwambia, "Semeni wee, jana umeniomba mlango nami nikakupa maji, wallahi nimepatia sikupatia?" na amepatia, kila mara anapatia, watu wawili ambao huko mjini wasingeketi mkeka mmoja, leo mmoja ni ulimi wa mwenziwe na mwenziwe ndiye miguu, maana Semeni akishazoea kutembea atamfungia dirisha upepo ukizidi, wamekwisha kupatana hivyo, kwa vidole na kwa macho.

"Sista, mimi sijaja kugombana," ndiyo sauti ya Nasri pale mlangoni, anazungumza na Lea, muuguzi mkuu wa nyumba hii ya kutunzia wagonjwa, "nimekuja kumchukua mama yangu tu," na Lea anajibu kwa sauti ya chini, ile sauti ya wodini ambayo Semeni aliwafundisha mabinti kadha wa kadha enzi zake za uuguzi, sauti ya kumwambia jamaa jambo ambalo mgonjwa hatakiwi kulisikia, nayo mgonjwa huisikia kuliko zote, "...miezi mitatu ya mwanzo, kaka yangu, ndiyo yenye faida... ukimkatisha sasa..." halafu kelele za sufuria huko jikoni zikameza yaliyobaki, halafu Nasri, "...hata nyumbani atafanya mazoezi, nitamtengenezea vyuma kama hivi, mimi fundi..." na ni kweli ni fundi, ana duka la vipuri vya baiskeli kule Ngamiani, anaweza kuunganisha chuma chochote, atavitengeneza vyuma, navyo vitakaa uani vinaanikiwa nguo, maana atakayeshika goti ni nani, Nihal? Nihal mkwewe, Mwenyezi Mungu ampe umri, amepasuliwa mara mbili kwa uzazi na daktari amemkataza hata ndoo ya maji, anafundisha shule mpaka saa tisa, akirudi ana watoto wawili na chungu mekoni, mtu mwema, lakini wema haunyanyui mwili wa kilo sabini na mbili, Semeni amewanyanyua watu miaka thelathini na nane, anajua, mwili uliolegea una uzito wake mwingine ambao mizani haiuonyeshi... "Usiangalie chini, mama, angalia kioo," anasema Zebedayo, naye akakiangalia kioo, akamwona bibi kizee amefungwa mkanda, kanga imekaa upande, mdomo umeshuka kulia, na nyuma ya bibi huyo mlango, na mlangoni mwanamume wa miaka arobaini aliyechomekea shati kama anayekwenda kuposa.

Huyu ni yule yule aliyemleta. Hakulazimishwa na mtu, alimleta mwenyewe, na Semeni alimshukuru kimoyomoyo kwa sababu anajua kilichomleta, siku zile kumi na moja za nyumbani kwa Nasri, Nguvumali, baada ya kutoka hospitali, choo kiko uani unashuka ngazi tatu, Nihal shuleni, jirani aliyeahidi kuchungulia hakuchungulia, na ule mchana ambao alijizuia, akajizuia, akawaza juu ya kila bomba na kila mto anaoujua mpaka mwili ukaamua wenyewe, na Nasri akarudi ghafla kutoka dukani kuchukua funguo akamkuta vile, godoro limelowa, nzi, naye akasimama pale mlangoni, hivi hivi anavyosimama sasa, kisha akaingia, akageuza uso ukutani na kwa mikono ya kupapasa akamvua mama yake kanga na kumvika nyingine, macho kayafumba, machozi yanamchuruzika hadi kidevuni, na Semeni aliyemzaa, aliyemwosha na kumtawaza, akalala pale anatamani ardhi ipasuke, na wiki haikwisha begi la buluu likafungwa wakaja hapa barabara ya Pangani, nyumba yenye ngazi moja tu na vyoo vyenye mikono ya kushikia ukutani, ambako wanawake wenye mikono iliyofundishwa humgeuza kila baada ya saa mbili wala hawafumbi macho, humtajia kila wanachotaka kukifanya kabla hawajakifanya, "Bi Semeni, sasa nakugeuza kushoto," na alipofika siku ya kwanza wakamkagua visigino, viwiko, nyonga na mwisho wa uti wa mgongo, kila mahali mfupa unapokaribia ngozi, alilia, wakadhani anaumia, haumii, alilia kwa sababu wanajua kazi... sasa mtoto yule yule amekuja kumrudisha kwenye ngazi tatu, na Semeni anajua ni Kombo. Kombo nduguye, mdogo wake wa pili, mdomo wake haujapata kiharusi, Ijumaa iliyopita kwenye khitma kule Makorora alisema mbele ya jamaa, Nihal ndiye aliyekuja kumwelezea akiwa na hasira zake, alisema, "Dada yangu ana mtoto wa kiume mwenye nyumba ya matofali, lakini analishwa uji na watu baki," na watu wakaguna, na Nasri akaweka kikombe cha kahawa chini hakukimaliza, basi ndivyo mtu anavyochukuliwa, kwa guno, kwa guno la watu waliokuja kula wali, hawajui mpira wa mkojo unabadilishwa vipi wala kwamba uji wa mgonjwa asiyemeza vizuri lazima uwe mzito la sivyo unaingia mapafuni, hakuna hata mmoja wao aliyekuja kukaa naye saa nzima, na huyu mwanawe, mwanaume mzima, hana ubavu wa kusema, Mjomba, njoo wewe umnyanyue... hasira zikampanda Semeni hadi masikioni, za kweli, za joto, akazikusanya zote akazituma ulimini ziseme neno moja tu, nabaki, hili fupi, silabi tatu, mtoto wa miaka miwili analisema, na ulimi ukainuka ukatafuta ukasema, "Sabuni."

"Sabuni baadaye, mama," anasema Zebedayo kwa upole, "kwanza hatua," na mkono wake haujabanduka gotini, na kule mlangoni Lea amekaza, sasa hasemi tena kwa sauti ya wodini, "Kaka Nasri, nikuulize, mchana nani atamgeuza? Mgonjwa kama huyu kidonda cha kulala kinaanza siku chache tu, unakuta ngozi imekuwa nyekundu, kesho imekuwa nyeusi, kikishafunguka ni miezi," na Nasri akacheka, si kicheko cha dharau, cha mtu aliyeguswa pale anapojiamini, akasema kwa sauti aliyotaka wote waisikie pamoja na mama yake, "Sista, unajua mama yangu ni nani? Mama yangu alimwuguza bibi yangu miezi minne, peke yake, na kazi hakuacha. Bibi hakulala kitanda cha hospitali hata siku moja. Alikufa mikononi mwake, na mgongo wake haukuwa na hata kipele. Hata kipele, Sista! Mimi nimelelewa kwenye nyumba hiyo. Leo nimuache mama yangu kwa watu?"

Haukuwa na hata kipele... Semeni aliyasikia maneno yale yakiingia kama mtu anavyoisikia sauti yake mwenyewe kwenye simu, ni yake na si yake, kwa sababu ni yeye aliyeyatunga, neno kwa neno, hata ile pumzi kabla ya neno kipele ni yake, ameyasema mkekani matangani, ameyasema kwenye arusi za watu, amewaambia mabinti waliokuwa wakijifunza uuguzi chini yake, na usiku wa kuamkia ndoa ya huyu huyu Nasri alimkalisha Nihal kitandani akamwambia, mwanangu, sisi kwetu mzee hatolewi nyumbani, mimi mama yangu nilimwuguza hivi na hivi, na mtoto wa watu akaitikia kwa kichwa na hina mbichi mikononi, miaka ishirini na saba anayasema, mpaka yakawa laini kwa kusemwa, mpaka ikafika siku akawa anayaona, anaiona ngozi ya mama yake, Bi Zuwena binti wa Ushongo, nyororo, nyeupe kwa poda, haina kitu... na ilikuwa na kitu. Kilikuwa pale mwisho wa uti wa mgongo, mdomo wake kama kisahani cha kahawa, kwa ndani kipana zaidi, aliingiza chachi na chachi ikaendelea kuingia, na harufu ile, yeye aliyezoea harufu zote akatoka nje kwanza akashika ukuta, alikuwa zamu mbili mbili mwezi ule, asubuhi na usiku, kwa kuwa wenziwe wawili walihamishwa na yeye hakutaka kusema siwezi, mama akabaki Makorora na mke wa Kombo, mke wa Kombo naye msichana tu, mwoga, kila akimgusa mama, mama analalama, basi akaacha kumgusa, akamwacha amelala chali kwenye kitanda cha kamba tangu alfajiri hadi magharibi akidhani ndio kumstarehesha, na daktari, mzee wa watu, alimwambia Semeni ukumbini mara mbili, mlete mama tumlaze, tutamweka karibu na wewe, na Semeni akasema asante daktari, nyumbani anapata kila kitu, kwa sababu watasemaje, muuguzi anayeuguza mji mzima mama yake mwenyewe kamshinda, watasemaje, ndilo hilo hilo guno, alilisikia kabla halijagunwa akamlaza mama yake juu yake... na siku ile ya kuosha maiti aliwatoa wanawake wote chumbani, aliwaambia mama alikuwa na haya, hataki kuonwa na wengi, akabaki na mwosha mmoja tu, bibi aliyekwisha kutangulia naye kwa Mola wake, na bibi yule alipomgeuza mama ubavu akamtazama Semeni mara moja, hakumuuliza, akachukua pamba nyingi, wakakijaza kidonda pamba, wakamwosha tena kwa maji ya karafuu maiti, na pale nje uani kwenye mkeka wa wanaume alikaa Nasri wa miaka kumi na mitatu, kofia mpya, na Semeni alipotoka na macho yamevimba ni yeye wa kwanza kumwambia, bibi yako kaenda salama, mgongo hauna hata kipele... alimwambia yeye kwanza. Mtoto alihitaji kitu cha kushika, naye akampa hicho.

"Mama anatokwa na jasho," anasema Lea, na Zebedayo anasema, "Tumkalishe?" na Semeni akatikisa kichwa, hilo bado analiweza, kichwa kinamtii, hapana, asikalishwe, akiketi atakuwa mgonjwa tena na wataongea juu ya kichwa chake, akisimama anawatazama... si Kombo, basi. Si Kombo wala khitma wala wali. Kombo aligusa tu, kilichoguswa amekiweka yeye, alikiweka ndani ya mtoto kwa mkono wake na kukimwagilia miaka ishirini na saba, na mtoto akakua nacho, akajenga nyumba ya matofali juu yake, na ule mchana wa Nguvumali alipofumba macho na kulia hakulilia kinyaa, hakulilia aibu ya kumwona mama yake uchi, ee Mwenyezi Mungu, alilia kwa sababu alijiona ameshindwa siku kumi na moja kile ambacho mama yake alikiweza miezi minne, alijipima na kitu ambacho hakikuwepo, na amekuja leo na shati alilochomekea kujaribu tena... na hasira zile alizokuwa ameziweka tayari akazitafuta hakuziona, mahali pake pamekaa huruma nzito, na woga, woga hasa, kwa kuwa sasa kusema nabaki hakutoshi, akisema nabaki atabaki, watamwachia, atapata vyuma vyake na hatua zake kumi na moja na kumi na mbili na dirisha la Bi Fakhria, na Nasri atarudi Nguvumali na begi tupu na atakuwa mwanamume aliyeshindwa kumuuguza mama yake mpaka siku atakayokufa, atawaambia wanawe nao bibi yenu aliweza mimi sikuweza, na ni uongo, lazima mtu amwambie ni uongo, na waliojua ni watatu, mwosha yuko kaburini, mke wa Kombo aliachwa akaolewa Lushoto haijulikani kama yu hai, amebaki yeye, naye ana mdomo unaosema sabuni. Alikuwa na miaka ishirini na saba yenye ulimi mzima. Kila arusi. Kila tanga. Angeweza kusema jioni yoyote, mwanangu kaa nikwambie jambo, na angeona uso wake ukibadilika, na ndio uso huo aliouogopa, si wa jamaa, si wa Kombo, uso wa huyu mtoto akijua... na sasa uso huo unamkaribia, Nasri ameliweka begi chini kwenye kizingiti, anakuja, viatu vyake vinalia kwenye sakafu iliyopigwa deki, anainama chini ya chuma, anasimama mbele yake, kando ya pale Zebedayo alipochuchumaa, amekiziba kioo, bibi kizee kapotea, amebaki yeye na mwanawe, na Nasri anauliza kwa ile sauti ya utotoni ambayo hajui kama bado anayo, "Mama, twende nyumbani? Niambie mwenyewe. Ukitikisa tu nimeelewa."

Angetikisa. Ingekwisha. Zebedayo ananong'ona kutoka chini, mvumilivu, hajachoka, "Au tujaribu kwanza wa kulia, mama? Mimi nipo," na mguu bado umenuna, haujasogea hata unyayo, mkono wa kushoto umekamata chuma mpaka vidole vimekuwa vyeupe, na Semeni hakutikisa kichwa, akaacha kulitafuta lile neno la silabi tatu, akaliacha liende, akageukia lile jingine lililo chini kabisa ya kabati ambalo hakuwahi kulitoa, akaufunga mdomo, pande zote mbili, ule uliolegea na ulio mzima, akaisukumia sauti ndani yake kama wanavyomfundisha, mmm, akavuta pumzi, mmm, na Nasri akamwinamia sikio, "Unasemaje mama?" na kikatoka, kimepinda lakini ndicho, "Mgo... mgongo."

"Mgongo?" Nasri akashtuka, akamtazama Lea, akamrudia, mkono wake tayari unamzunguka nyuma kumshika, "Mgongo unakuuma, mama?" na Semeni akakaza macho yake katika macho ya mwanawe, akatikisa kichwa, hapana, si wangu.